Uzi: Ukikuta "oligo" kwenye karatasi ya hospitali, uliza kwanza ni kidogo cha nini

Mkunga_Songea

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni muuguzi mkunga, kazi yangu iko wodi ya wazazi. Nafungua uzi huu kwa ajili ya neno moja fupi linalowakosesha watu usingizi. Mama anatoka chumba cha altrasaundi na karatasi iliyoandikwa "oligo", anafika nyumbani analitafuta kwenye simu, na kabla jua halijazama ameshaamini mtoto wake hataishi. Baba anapokea majibu ya maabara yenye "oligo", anayakunja na kuyaficha chini ya godoro, hata mkewe hamwambii. Hakuna kati yao aliyekaa chini na mtu akaelezwa.

Oligo ni kiambishi cha Kigiriki, maana yake chache au kidogo. Kinatangulia jina la kitu kilichopimwa na kukutwa chini ya kiwango. Maswali ya kumuuliza daktari ni haya: kidogo cha nini, kidogo kuliko kiwango gani, na kimepunguzwa na nini? Ugonjwa, kama upo, umejificha kwenye jibu la swali la mwisho. Kiambishi hiki kina wenzake wawili mnaokutana nao kila siku. A- au an- ni kwamba hakuna kabisa, na poli- ni kwamba kimezidi. Kwa hiyo kuna anuria, oliguria na poliuria: mkojo hakuna, mkojo kidogo, mkojo mwingi. Ukiijua ngazi hiyo, maneno mengi ya hospitali yanafunguka yenyewe.

Naanza na mkojo kwa sababu hapa ndipo neno hili linapookoa uhai. Mtu mzima akitoa chini ya mililita 400 kwa saa 24 (vitabu vingine vinasema 500) tunasema ana oliguria. Kiwango hicho hakikuokotwa tu. Figo nzima zikikamua kwa nguvu zao zote zina kikomo cha kuukoleza mkojo, na taka za mwili za siku moja zinahitaji karibu nusu lita ya maji ili zitoke. Chini ya hapo taka zinabaki kwenye damu. Kwa mgonjwa aliyelazwa hatungoji siku iishe. Tunahesabu nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa, yaani mama wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau mililita 30 kila saa.

Mililita 30 hizo ndizo tunazozilinda kama mboni ya jicho kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Anapewa magnesiamu salfeti kuzuia degedege, na dawa hiyo hutoka mwilini kupitia figo. Mkojo ukipungua, dawa inarundikana kwenye damu, misuli inalegea, na mwisho hata pumzi inazimika. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata tunaangalia mkojo wa saa nne zilizopita, tunahesabu pumzi kama zinafika 16 kwa dakika, tunagonga goti kuona kama mguu unaruka. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri. Ndugu, mkimwona mama amewekewa mpira wa mkojo na muuguzi anainama kila saa kusoma mfuko ule, msidhani anapoteza muda.

Sababu za mkojo kupungua tunazigawa kwa mahali zilipo. Kuna zilizo kabla ya figo: kuhara, kutapika, kutoka damu nyingi, malaria kali, yaani damu inayofika kwenye figo haitoshi. Kuna zilizo ndani ya figo zenyewe, zikiwemo dawa zinazoziumiza. Na kuna zilizo baada ya figo, pale mkojo unapotengenezwa vizuri lakini njia imezibwa: tezi dume iliyovimba, mawe, au saratani ya mlango wa kizazi inayobana mirija kutoka kwenye figo. Neno ni lile lile kwenye faili zote, matibabu hayafanani hata kidogo. Wa kuhara anahitaji maji haraka. Mwenye figo zilizokwisha kuumia ukimjaza maji, yanakwenda kukaa kwenye mapafu.

Karibuni na maswali.

Mama_Kijacho

Dada Mkunga, Mungu akubariki. Nina wiki 37, juzi nimepimwa nikaambiwa maji ya uzazi yanaelekea kuwa kidogo, kipimo 6. Wifi yangu anasema ninywe maji mpaka tumbo lijae yatarudi. Mama mkwe anasema nitapasuliwa tu hakuna namna. Nimechanganyikiwa. Hiyo 6 ni nini?

Mkunga_Songea

Mama Kijacho, pole, na hongera kwa kufika wiki 37.

Hiyo 6 ni sentimita. Mpimaji hugawa tumbo sehemu nne, kila sehemu anatafuta dimbwi la maji lenye kina kirefu kuliko mengine, asilopita mtoto wala kitovu, kisha anajumlisha vina vinne. Jumla ikiwa 5 au chini, ndiyo inayoitwa oligohidramniosi. Ikizidi 24 au 25, ni polihidramniosi. Wewe uko juu ya mstari, karibu nao, ndiyo maana wakasema "yanaelekea". Kuna njia nyingine ya kupima: kutazama dimbwi moja tu, lile lenye kina kuliko yote. Likiwa chini ya sentimita 2 maji ni kidogo. Tafiti zilizolinganisha njia hizi zilionyesha kwamba ile ya kujumlisha inawabandika akina mama wengi zaidi jina la oligo, wengi zaidi wanaanzishiwa uchungu, lakini watoto hawatoki wakiwa na hali bora zaidi. Kwa hiyo una haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, dimbwi kubwa kuliko yote lina kina gani?"

Sasa maji yenyewe yanatoka wapi. Kuanzia nusu ya pili ya mimba, sehemu kubwa ya maji ya chupa ni mkojo wa mtoto. Anakunywa, anakojoa, anakunywa tena. Kwa hiyo maji yakipungua tunajiuliza mambo kama haya. Je, chupa inavuja? Umeona unyevunyevu usiokauka kwenye nguo ya ndani? Je, kondo la nyuma limechoka? Mtoto asiyepata damu ya kutosha huipeleka kwenye ubongo na moyo kwanza, figo zinabaki na kidogo, mkojo unapungua. Je, mimba imepitiliza siku? Je, figo za mtoto zipo na njia yake ya mkojo iko wazi? Hili la mwisho huonekana mapema zaidi, na kwa wiki zako wangekuwa wameshaliona.

Na dawa, mama. Dawa za maumivu za jamii ya aibuprofeni na daiklofenaki hupunguza mkojo wa mtoto. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo zisitumike kuanzia wiki ya 20 ya mimba isipokuwa kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu hii hii. Kama umekuwa ukimeza kwa ajili ya mgongo, mwambie daktari leo.

Wifi yako hajakosea kabisa. Mama aliyepungukiwa maji mwilini akinywa kama lita mbili, kipimo hupanda, hilo limepimwa. Kunywa. Lakini maji ya kunywa hayazibi chupa iliyopasuka wala hayafufui kondo lililochoka, kwa hiyo yasikufanye uruke kliniki. Na kwa mama mkwe, mweleze kwa heshima kwamba maji kidogo peke yake si amri ya kupasuliwa. Wengi huanzishiwa uchungu na kujifungua kawaida, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakifuatiliwa kwa karibu, kwa sababu maji yakiwa haba kitovu hubanwa kirahisi.

Mtoto akipunguza kucheza, ukiona maji au damu inatoka, au kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda muda huo huo, hata kama ni usiku.

Mama_Kijacho

Anacheza sana, hasa nikila. Nitauliza hilo la dimbwi. Asante dada, nimepumua.

Kaka_wa_Mbagala

Wakuu, naandika bila kuona haya kwa sababu najua sipo peke yangu. Majibu yangu yanasema oligospemia, mbegu za kiume milioni 13. Kwetu ukoo mzima umeshamhukumu mke wangu, mama yangu ameanza hata kunitafutia mwingine. Milioni 13 mbona ni nyingi? Inakuwaje iitwe chache?

Fundi_Hadubini

Kaka wa Mbagala, kwanza heshima yako kwa kupima. Ninafanya kazi maabara, na ninaona wake wakizunguka hospitali miaka huku mume hajawahi kuleta sampuli hata moja.

Milioni 13 ni kwa mililita moja ya manii. Shirika la Afya Duniani lilikusanya vipimo vya wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, likawapanga kuanzia mwenye mbegu chache hadi mwenye nyingi, likaweka mstari pale ambapo asilimia 5 tu ya hao akina baba wako chini. Tafakari maana yake: walio chini ya mstari nao walikuwa akina baba! Mwongozo wa 1999 ulisema milioni 20. Wa 2010 ukashusha hadi milioni 15. Wa 2021 unasema milioni 16. Mwanaume mwenye milioni 17 angeandikiwa oligo mwaka 2005, na leo anaambiwa yuko sawa, na mwili wake ni ule ule. Kwa hiyo 13 inakuambia safari inaweza kuwa ndefu zaidi. Haisemi huzai. Pasipo na mbegu hata moja jina lake ni azospemia, na hapo mazungumzo ni mengine.

Idadi pia haitoshi peke yake. Angalia kwenye karatasi asilimia ya zinazoogelea, na ujazo wa manii yote.

La muhimu kuliko yote: kipimo kimoja hakihukumu mtu. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kisha siku kadhaa kusafiri hadi itoke. Kwa hiyo sampuli yako ya leo inasimulia ulivyokuwa msimu uliopita. Ulikuwa na homa kali? Malaria? Ulichomwa sindano za testosteroni za kujenga mwili? Hizo sindano zinaziambia korodani zipumzike, na uzalishaji unaweza kushuka hadi sifuri. Rudia kipimo baada ya miezi mitatu hivi. Kaa bila kutoa manii siku 2 hadi 7, si zaidi, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Umwone daktari akupapase pia, mishipa iliyovimba juu ya korodani ni sababu ya kawaida na inatibika. Ikishuka chini ya milioni 5, ataomba vipimo vya homoni, na pengine vya jeni.

Kaka_wa_Mbagala

Homa nilikuwa nayo, nililazwa. Leo jioni nitamwonyesha mke wangu karatasi, na Jumapili tunakwenda kwa mama wote wawili.

Chausiku

Dada Mkunga, nakuheshimu ila hapo juu naona hatari. Ukisema jambo ni la kiwango na mstari, watu watapuuza. Shangazi yangu mkojo ulimpungua akiwa anameza dawa za maumivu ya magoti kila siku, tukasema ni joto la Dar, hanywi maji. Sasa anasafishwa damu kwa mashine. Ingekuwa bora atishike mapema.

Mkunga_Songea

Chausiku, pole sana kwa shangazi, na ninalipokea. Sijasema lipuuzwe. Mkojo uliopungua ghafla kwa nusu siku, kwa mtu anayehara, anayetapika, mwenye homa, mjamzito, au anayetumia dawa za maumivu kila siku, ni wa kwenda nao hospitali leo hii. Kwa mtoto mchanga ni mapema zaidi: nepi ikikaa kavu masaa sita huku hanyonyi vizuri, beba mtoto uende.

Ninachopigania ni kwamba hofu ielekezwe kwenye sababu. Shangazi angeulizwa siku ya kwanza "unameza nini?", zile dawa zingesimamishwa. Daktari akiandika oliguria halafu asitafute kinachoisababisha, ameandika kile ambacho mgonjwa mwenyewe alikuwa anakijua tayari.

Chausiku

Hapo tumeelewana. Hakuna aliyemuuliza.

Mwanafunzi_PCB

Shikamoo dada. Kwenye biolojia tuna oligosakaridi, na mwalimu ametaja oligodendrositi na oligonukleotidi. Ni oligo hii hii?

Fundi_Hadubini

Hiyo hiyo, mdogo wangu, ila hapo haina maana ya upungufu. Ni kuhesabu tu. Oligosakaridi ni mnyororo wa sukari chache, kwa kawaida 3 hadi 10. Oligonukleotidi ni kipande kifupi cha herufi za DNA. Vipimo vyetu vya kinasaba, kama mashine ya GeneXpert inayotafuta kifua kikuu kwenye makohozi, hutumia vipande hivyo kumkamata mdudu kwa kushikana na jeni yake. Oligodendrositi ni seli za ubongo zenye matawi machache. Mhispania Pío del Río Hortega ndiye aliyezitambua na kuzipa jina mwaka 1921. Matawi yake ni machache, lakini ndiyo yanayozungushia nyaya za neva mafuta ya kuzilinda.

Mkunga_Songea

Niongeze kwenye oligosakaridi, maana siwezi kulipita ziwa la mama. Maziwa ya mama yana oligosakaridi za aina zaidi ya 100, na kwa wingi wa vitu vilivyo kwenye maziwa, ukiondoa maji, zinafuata baada ya sukari ya laktosi na mafuta. Mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya! Ni chakula cha bakteria wema wa utumbo wake, nao wakistawi hawaachi nafasi kwa wabaya. Na dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, yanazo nyingi kuliko yanayofuata. Mama yeyote anayeambiwa ayakamue ayamwage, naomba amwonyeshe huyo mtu ujumbe huu.

Kwenye maharage pia zipo, rafinosi na stakiosi. Sisi hatuna kimeng'enya cha kuzivunja, zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wanazichachua, gesi inajaa. Ndiyo maana maharage yanalowekwa usiku na yale maji yanamwagwa.

Mwl_Ujiji

Naomba niwatoe hospitali kidogo. Nafundisha jiografia, na ziwa ninaloliona kila asubuhi ni oligotrofi, yaani lenye virutubisho kidogo majini. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ya pili duniani baada ya Baikal. Virutubisho vipo, lakini vimezama chini sana, kwenye maji yasiyo na oksijeni, na tabaka la juu lenye joto limeyafunika. Juu mwani ni mchache, ndiyo maana maji ni meupe na unaona mawe chini. Linganisha na Victoria, kina chake cha wastani ni mita 40 tu, virutubisho vinavyoingia kutoka mashambani na mijini ni vingi, na magugumaji yanastawi.

Wanafunzi wangu husikia "virutubisho kidogo" wakadhani ni ziwa maskini. Lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu wote hawapatikani pengine popote. Dagaa na migebuka wa Kigoma wanaishi kwa kidogo hicho, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki, kati ya Mei na Septemba, unasukuma maji ya juu na kuruhusu virutubisho vya chini vipande. Tatizo langu ni hapa: ziwa linapata joto. Tabaka la juu likizidi joto linakuwa jepesi zaidi, upepo unashindwa kulichanganya na la chini. Watafiti waliliandika hilo tangu 2003. Kidogo kikipungua tena, mvuvi wa Ujiji analiona kwenye wavu.

Mwanafunzi_PCB

Mwalimu, na Oligosini je?

Mwl_Ujiji

Nayo imo. Ni kipindi cha miaka milioni 34 hadi 23 iliyopita. Mjerumani Beyrich alikipa jina 1854, kwa kuwa konokono na kome wa matabaka yake wanaofanana na wa leo ni wachache. Na kwenye bonde la ufa la Rukwa, katika miamba ya Nsungwe ya miaka milioni 25 hivi, yalipatikana mataya mawili yaliyotangazwa 2013: Rukwapithecus, wa upande wa sokwe, na Nsungwepithecus, wa upande wa nyani. Ni ya zamani kuliko mengine yaliyokuwa yanajulikana wakati huo kwa pande zote mbili. Mwulize mwalimu wako kama analo kwenye notsi.

Binti_wa_Tanga

Samahani nawarudisha hospitali. Nina miaka 24, hedhi yangu inakuja baada ya siku 45, mara nyingine 60. Karatasi imeandikwa oligomenorea, nimepewa vidonge na kuambiwa nikiolewa itakaa sawa. Chunusi zimejaa na ndevu zinaota kidevuni. Niende nazo hivyo hivyo?

Mkunga_Songea

Hapana mdogo wangu, na kuolewa si dawa. Mzunguko unaozidi siku 35 mara kwa mara ndio unaoitwa hivyo. Kwa msichana aliyevunja ungo juzi juzi tungesubiri, mwili bado unajipanga. Anayenyonyesha au aliyechoma sindano ya uzazi wa mpango naye tungeelewa. Wewe una miaka 24 na dalili ulizotaja, kwa hiyo kinachotafutwa kwanza ni mvurugiko wa homoni unaoendana na vifuko vidogo vingi kwenye ovari. Lakini hauthibitishwi kwa kukutazama usoni. Kwanza kipimo cha mimba, hata kama unajua huna. Kisha tezi ya shingo, homoni ya maziwa, homoni za kiume, sukari, na altrasaundi ya ovari.

Usiache kwa sababu haumwi. Ukuta wa mji wa mimba unaojengwa bila kumwagwa miezi na miezi huzidi unene, na kwa miaka mingi unaweza kuzaa saratani. Vidonge ulivyopewa huenda ni sahihi kabisa, vingi vinaulinda ukuta huo. Ila uambiwe ni vya nini, na uvinywe ukijua.

Chukua daftari, andika tarehe za hedhi zako zote unazokumbuka mwaka huu, uzito wako, na dawa zote unazotumia pamoja na za asili. Nenda nalo kliniki ya magonjwa ya wanawake. Kisha rudi hapa utuambie wamepima nini.